Mitaa Iliyojengewa Makapera

Ukitaka kujua kwa nini mwanaume wa Eastlands, mitaa ya mashariki mwa Nairobi, huambiwa ajikaze, anza na chumba alicholala babu yake. Serikali ya kikoloni ilimhesabu mfanyakazi Mwafrika wa Nairobi kuwa mtu wa kupita: aje peke yake, afanye kazi, kisha arudi kwao kwenye mke na shamba. Landhi, yaani vyumba vya wafanyakazi wa reli kule Muthurwa, mabweni ya Kariokor na vyumba vya Shauri Moyo vilijengwa kwa hesabu hiyo. Mshahara nao ulikuwa wa kapera. Ilibidi kufika 1954 ndipo kamati ya Carpenter, iliyochunguza mishahara ya Waafrika, ilipopendekeza kwamba mfanyakazi wa mjini alipwe kiasi cha kulisha mke na watoto pia.

Sasa weka wanaume wanne katika chumba kimoja. Barua ya msiba imefika kutoka Nyanza au Murang'a, na anayeisoma hana hata pembe ya kujifichia. Atalilia wapi? Wengi husema kujikaza ni mila. Mimi naona nyumba nayo ilichangia, tena sana.

Hatua chache tu kutoka hapo, Majengo ya Pumwani, mambo yalikuwa tofauti kabisa. Tangu miaka ya 1920 watu waliruhusiwa kujijengea nyumba za udongo, na wanawake hawakungoja kuambiwa mara mbili. Mwanahistoria Luise White, katika kitabu chake cha 1990, The Comforts of Home, alieleza jinsi fedha za umalaya zilivyogeuka kuta na mapaa, na jinsi wanawake hao walivyokuwa wenye nyumba kwa jina lao wenyewe. Wapangaji wao ni wale wale makapera. Kodi ikichelewa, mwenye haki ya kupaza sauti uani alikuwa mama mwenye nyumba, na aliyeinamisha kichwa ni mwanaume.

Tarehe 24 Aprili 1954 ikaja Operesheni Anvil, msako wa serikali ya kikoloni dhidi ya Mau Mau. Wanajeshi walizingira mitaa, wakawakamata maelfu ya wanaume Wakikuyu, Waembu na Wameru, huku wake na watoto wengi wakirudishwa mashambani. Waliotoka kambi ya kizuizini ya Manyani baadaye, wengi walifunga midomo, na watoto waliozaliwa baada ya hapo wakakua wakidhani kimya ndiyo tabia ya baba.

Lakini huzuni haikosi njia. Pale Kaloleni, mtaa uliojengwa miaka ya 1940 ukiwa na nyumba za familia, vyama vya watu wa nyumbani kama Luo Union vilishughulikia misiba: kukusanya pesa, kusafirisha maiti hadi kwao. Nenda leo kwenye matanga yoyote ya mtaani utaona mgawanyo wa kazi. Wanawake wanaomboleza, wanapika, wanamshika mfiwa mkono. Wanaume wamekaa upande mwingine na daftari: jeneza bei gani, basi la kwenda Siaya linakula mafuta ya ngapi, nani ameahidi na hajatoa. Mweka hazina anasoma jumbe za M-Pesa kwa sauti kavu. Msimdhanie hana moyo. Ile hesabu ndiyo kilio chake.

Kuna siku ambazo daftari halikutosha. Waziri Tom Mboya alipouawa kwa risasi mjini tarehe 5 Julai 1969, wanaume walilia barabarani bila aibu, na siku ya ibada katika kanisa kuu la Holy Family kilio kiligeuka mawe. Polisi wakajibu kwa mabomu ya machozi, kana kwamba machozi hayakuwa ya kutosha.

Kisha mitaa mipya ikaja na sauti mpya. Mtaa wa Dandora ulipoanza miaka ya 1970 kwa mkopo wa Benki ya Dunia, miongoni mwa waliopewa viwanja walikuwamo wanawake waliolea watoto peke yao. Miaka ya 1990 mtaa huo huo ukawatoa Kalamashaka, kundi la rap la vijana walioweka njaa na uchungu wa mtaani ndani ya Sheng na mdundo. Kwa kipaza sauti, kijana aliweza kusema yale ambayo mezani angeyameza.

Sheria nayo imesogea. Sheria ya Ajira ya 2007 humpa baba likizo ya wiki mbili mtoto akizaliwa, na Katiba ya 2010, kifungu cha 53, inawataka wazazi wote wawili wawajibike kwa mtoto, wawe wameoana au la. Ila fundi wa soko la Gikomba anayejiajiri hana bosi wa kumwomba hizo wiki mbili. Mtoto akizaliwa usiku, alfajiri yeye yuko kwenye banda lake.