Kufundisha Kiswahili ughaibuni: Kuzaliwa nacho pekee hakutoshi

WALIMU wa Kiswahili wa Kibaha na Kisarawe, mkoani Pwani, wanaishi katika mazingira ambamo lugha hiyo husikika tangu alfajiri hadi usiku. Sokoni, katika vituo vya daladala, misikitini na makanisani. Kwa sababu hiyo wapo wanaoamini kwamba nafasi za kufundisha Kiswahili nje ya nchi ni haki ya yeyote aliyezaliwa nacho.

Hali halisi ni tofauti. Mwajiri wa ughaibuni hutaka kujua mambo matatu: mwombaji amesomea nini, amewahi kumfundisha mgeni, na ni chombo gani kinachothibitisha hayo. Asiye na majibu ya maswali hayo kwa maandishi huachwa nyuma, hata kama lafudhi yake haina doa.

Fursa zilikotoka

Mahitaji ya walimu yamepanuka kutokana na maamuzi kadhaa. Septemba 2018 Afrika Kusini ilitangaza kuwa Kiswahili kingekuwa somo la hiari katika shule zake kuanzia mwaka 2020. Agosti 2019 wakuu wa nchi za Jumuiya ya Maendeleo Kusini mwa Afrika (SADC), walipokutana Dar es Salaam, walikipitisha kuwa lugha rasmi ya nne ya jumuiya hiyo. Novemba 2021 UNESCO ilitangaza Julai 7 kuwa Siku ya Kiswahili Duniani, na Februari 2022 Umoja wa Afrika ulikiridhia kuwa lugha ya kazi. Julai mwaka huo huo Baraza la Mawaziri la Uganda liliamua kifundishwe kwa lazima katika shule za msingi na sekondari.

Hata hivyo, tamko la serikali si tangazo la ajira. Kati ya kauli ya waziri na mwalimu kuingia darasani kuna mitaala, vitabu na bajeti. Upande mwingine, vyuo vikuu vya nje vimekuwa vikikifundisha kwa miongo mingi, vikiwamo Chuo Kikuu cha Lugha za Kigeni cha Beijing, Chuo Kikuu cha Hankuk cha Korea Kusini, SOAS cha London, na vile vya Leipzig na Bayreuth nchini Ujerumani.

Hakuna cheti kimoja

Mtu anayetaka kufundisha Kiingereza kwa wageni anaweza kusomea CELTA, cheti kinachotolewa chini ya Chuo Kikuu cha Cambridge. Kozi yake huchukua saa zisizopungua 120, na ndani yake mwanafunzi hufundisha darasa halisi kwa saa sita huku akipimwa. Cheti hicho hutambuliwa na waajiri wa nchi nyingi.

Kiswahili bado hakina cheti cha namna hiyo. Kwa Mtanzania, sifa hujengwa kwa kuunganisha nyaraka kadhaa.

Ya kwanza ni shahada. Stashahada ya ualimu inatosha kumpatia mtu kazi shuleni hapa nchini, lakini vyuo vikuu vya nje kwa kawaida huanzia shahada ya kwanza, na vingi hutaka ya uzamili. Taasisi ya Taaluma za Kiswahili (TATAKI) ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, iliyoundwa mwaka 2009, hufundisha Kiswahili hadi ngazi ya uzamivu. Kwa asiyeweza kuacha kazi, Chuo Kikuu Huria cha Tanzania kina kituo chake cha Mkoa wa Pwani mjini Kibaha.

Ya pili ni mafunzo mahususi ya kufundisha wageni. Baraza la Kiswahili la Taifa (BAKITA), lililoundwa kwa Sheria Namba 27 ya mwaka 1967, huendesha mafunzo ya muda mfupi kwa walimu wa aina hiyo na huwasajili wataalamu wa Kiswahili katika kanzidata yake. Kwa Zanzibar, Chuo Kikuu cha Taifa cha Zanzibar (SUZA) nacho kina uzoefu wa miaka mingi wa kuwafundisha wageni.

Ya tatu ni ushahidi wa uzoefu: saa zilizofundishwa, maandalio ya masomo na barua za waliofundishwa. Hapa wakazi wa Kibaha na Kisarawe wana nafasi nzuri, kwani wako jirani na Dar es Salaam, yenye balozi, mashirika na kampuni za wageni wanaohitaji kujifunza lugha.

Darasa la mgeni ni tofauti

Mwalimu wa sekondari huwafundisha sarufi na fasihi wanafunzi ambao tayari wanaongea. Mgeni haanzi hapo. Atauliza kwa nini kiti ni kirefu, mti ni mrefu, lakini meza ni ndefu, ilhali urefu ni ule ule. Atataka kujua kwa nini saa yake inaonyesha 8 na mwenyeji wake anasema saa mbili asubuhi. Jibu la "ndivyo tunavyosema" halimsaidii. Mwalimu anapaswa kuzijua ngeli kwa namna ya kuzieleza hatua kwa hatua, na kutenga mazungumzo ya kila siku kabla ya istilahi za sarufi.

Masharti ya nchi husika

Nchini Afrika Kusini, vyeti vya nje hutathminiwa na mamlaka ya sifa za elimu (SAQA), na mwalimu wa shule hulazimika kusajiliwa na baraza la walimu (SACE), mbali na kibali cha kazi.

Kwa Marekani, njia ambayo Watanzania wameitumia kwa miaka mingi ni mpango wa Fulbright wa walimu wasaidizi wa lugha, maarufu kama FLTA. Masharti yake yamekuwa ni shahada ya kwanza, umri wa miaka 21 hadi 29 na ufasaha wa Kiingereza. Aliyechaguliwa hufundisha kwa mwaka mmoja wa masomo, hapati shahada, na hutarajiwa kurejea nyumbani. Masharti na nafasi huthibitishwa kupitia tangazo la Ubalozi wa Marekani la mwaka husika.

Kokote aendako, mwombaji huhitaji pasipoti, cheti cha kuzaliwa, vyeti halisi vya masomo na, mara nyingi, hati ya Polisi inayoonyesha kuwa hana rekodi ya uhalifu. Ni busara kuzitafuta mapema, kwa kuwa majina yanayotofautiana kati ya cheti cha kuzaliwa na vyeti vya shule huweza kuchelewesha safari.

Tahadhari kwa walioajiriwa

Mwalimu wa serikali hapaswi kuondoka kituoni bila kibali cha maandishi. Utoro ni kosa la kinidhamu linaloshughulikiwa na Tume ya Utumishi wa Walimu (TSC), iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2015 na yenye ofisi wilayani, na adhabu yake huweza kufikia kufukuzwa kazi. Maombi hupitia kwa mkuu wa shule na mkurugenzi wa halmashauri.

Kwa wahitimu wasio na ajira, hatari kubwa ni matapeli wanaodai fedha ili "kuunganisha" mtu na kazi ya ng'ambo. Kabla ya kulipa chochote, mwombaji ahakikishe kuwa wakala ana leseni. Ofisi ya serikali inayosimamia huduma za ajira ni mahali pa kuulizia. Mpango wa FLTA hautozi ada ya maombi, na anayedai ada hiyo kwa niaba ya ubalozi ni wa kuogopwa.

Kibaha yenyewe ina somo katika jambo hili. Mwaka 1963 nchi za Nordic zilikubaliana na Tanganyika kuanzisha mradi uliozaa Shirika la Elimu Kibaha, na wataalamu wao wakaja kufanya kazi hapo hadi shirika lilipokabidhiwa kwa Tanzania mwaka 1970. Walikuja na taaluma zao. Mwalimu wa Pwani anayetaka kuvuka mipaka naye atapokewa kwa taaluma aliyoithibitisha.