Njia ya Reli Namba 17: Nauli ya Kwenda Bila Kurudi

Ufashisti wa Kijerumani huelezwa mara nyingi kama wazimu wa mtu mmoja, Hitler, na genge lake. Maelezo hayo hupendwa sana na mabepari kwa sababu yanauacha mfumo mzima bila lawama. Anayetaka ukweli na aende stesheni ya Grunewald, magharibi ya Berlin, akasome yaliyoandikwa kwenye njia ya reli namba 17.

Stesheni hiyo ni ndogo, imo katika mtaa wa majumba ya matajiri. Nje yake upo ukuta mrefu wa zege, kazi ya mchongaji wa Kipoland, Karol Broniatowski, ya mwaka 1991. Ukutani mna nafasi tupu zenye maumbo ya watu wanaotembea. Watu wenyewe hawamo. Juu, penye njia ya reli, shirika la reli la Ujerumani lilizindua kumbukumbu yake mwaka 1998: mabamba 186 ya chuma yaliyolazwa ukingoni. Kila bamba lina tarehe, idadi ya Wayahudi, mahali walipotoka na walikopelekwa. Basi. La kwanza ni la 18 Oktoba 1941: watu 1,251, Berlin hadi Lodz. Miti imeachwa iote katikati ya reli ili treni isipite tena.

Wapo watakaosema kumbukumbu hii ni kavu mno, haina hata picha moja ya kuliza watu. Mimi naona ukavu huo ndio ukweli wake. Uhalifu wenyewe uliandikwa hivyo hivyo: tarehe, idadi, mwendo.

Hebu tuutazame utaratibu wake. Kabla ya kusafirishwa, familia ilipewa fomu ya kurasa 16 ya kuorodhesha mali yake yote, mpaka nguo na vyombo. Watu wakakusanywa katika sinagogi la mtaa wa Levetzowstrasse, na wale wa mwanzo wakatembezwa mchana, kwenye mvua, wakiukatiza mji mbele ya macho ya wenyeji hadi Grunewald. Sheria ya 25 Novemba 1941 ikatamka kwamba Yahudi akishavuka mpaka wa nchi, mali yake ni ya serikali. Samani zikapigwa mnada, na majirani wakanunua.

Shirika la reli nalo lilidai nauli. Ilikuwa nauli ya daraja la tatu, pfennig 4 kwa kila kilomita kwa mtu mmoja. Watoto wa chini ya miaka 10 walilipiwa nusu, wa chini ya miaka 4 walikwenda bure. Na kundi likizidi watu 400, bei ilipunguzwa nusu. Waliosafirishwa walilipiwa kwenda tu. Askari waliowalinda walilipiwa kwenda na kurudi. Hesabu hii ilipigwa na makarani wa kawaida, watu wenye mshahara, likizo na watoto shuleni. Treni iliyotoka Berlin mwishoni mwa Novemba 1941 ilibeba watu 1,053. Walipofika Riga walipigwa risasi wote asubuhi ya tarehe 30. Ofisi ya ratiba ilikwisha kutimiza wajibu wake.

Wapo makada watakaoharakisha kusema kwamba haya yote ni faida ya mabepari na hakuna zaidi. Uchambuzi huo ni mfupi. Faida ilikuwapo, lakini treni hizi ziliendelea kwenda hata wakati jeshi lilipokuwa likililia mabehewa. Chuki ya ubaguzi ilikwisha kuwa nguvu yenyewe, na urasimu ukaipa magurudumu.

Je, karani aliyekataa angeuawa? Swali hili huulizwa kila ninapofundisha somo hili. Katika kesi za baada ya vita, mawakili wa washtakiwa hawakuweza kuonyesha mfano hata mmoja wa Mjerumani aliyepewa adhabu kali kwa kukataa kuua raia wasio na silaha. Albert Ganzenmüller, mkubwa katika wizara ya usafirishaji, aliandika Julai 1942 kuarifu kwamba treni yenye Wayahudi 5,000 inakwenda kila siku kutoka Warszawa hadi Treblinka. Alifikishwa mahakamani Düsseldorf mwaka 1973, kesi ikasimamishwa kwa sababu ya ugonjwa wake. Alifariki mwaka 1996 bila kuhukumiwa.

Sisi Waafrika tunawajua makarani hao tangu zamani. Kusini Magharibi ya Afrika, Namibia ya leo, baada ya vita vya 1904 Waherero na Wanama walifungwa kambini, wakahesabiwa na kutumikishwa kujenga reli, na maelfu wakafa. Na yuko ndugu yetu Bayume Mohamed Husen, mzaliwa wa Dar es Salaam mwaka 1904, aliyetumikishwa angali mtoto katika jeshi la Wajerumani. Alifika Berlin mwaka 1929, akawa mhudumu wa hoteli na mwigizaji wa filamu, akawafundisha Wajerumani Kiswahili. Mwaka 1941 Gestapo walimkamata kwa kosa la kuwa na uhusiano na mwanamke Mjerumani. Hakupita Grunewald, alipelekwa kambi ya Sachsenhausen, kaskazini ya mji, akafia huko 24 Novemba 1944. Tangu mwaka 2007 lipo jiwe dogo lenye jina lake kwenye barabara alikokaa Berlin.

Wayahudi zaidi ya 50,000 walisafirishwa kutoka Berlin. Bamba la mwisho pale Grunewald ni la 27 Machi 1945. Wakati huo Jeshi Jekundu lilikuwa limekwisha fika mto Oder, mwendo wa kilomita kama 70 kutoka mjini, na mji wenyewe ulikuwa magofu. Bamba linasema: watu 18, Berlin hadi Theresienstadt.