Mguu wa Kaka na Mguu wa Swartkrans

Ndugu msomaji, kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Kaka yangu alipoanza kuumwa mguu, sisi sote nyumbani tulijifanya tunawajua kunguni hao. Mimi nilisema ameteguka kwenye mpira. Shangazi akasema ni baridi yabisi. Mama, kwa sauti ya chini majirani wasisikie, akamwambia, "Mwanangu, wewe umekanyaga kitu." Maana yake unaijua mwenyewe: kuna mtu kakitega njiani.

Mchana kaka alikuwa mzima kabisa, anatania watu kijiweni. Balaa lilikuwa usiku. Saa nane utamsikia anapapasa gizani, anatafuta aspirini. Akishameza, baada ya muda kimya. Alipigwa eksirei mara mbili, na mara zote mbili akaambiwa mfupa hauna tatizo. Mara ya pili alirudi hana la kusema. Mtu unaumwa, karatasi inasema huumwi, basi hata ndugu zako wanaanza kukutazama kwa jicho la pembeni.

Hapo ndipo nilipoanza kusoma. Mimi si daktari, niliishia sekondari na ndoto yangu ni kuandika riwaya. Lakini nilitaka kujua: hiyo picha inayosema kaka yangu ni mwongo, ilianzia wapi?

Ilianzia Ujerumani, mjini Würzburg, tarehe 8 Novemba 1895. Wilhelm Röntgen, mwalimu wa fizikia, aligundua mionzi inayopenya vitu ambavyo mwanga haupenyi. Kwa kuwa hakujua ni mionzi gani, akaiita X, kama tunavyofanya kwenye hesabu kwa namba tusiyoijua. Desemba mwaka huohuo aliupiga picha mkono wa mkewe, Anna Bertha. Ikaonekana mifupa ya vidole, na pete ikining'inia kwenye mfupa. Mwaka 1901 Röntgen akapewa Tuzo ya Nobel ya Fizikia, ya kwanza kabisa kutolewa.

Lakini bwana, eksirei ni kivuli. Simama juani na mwenzako nyuma yako, vivuli vyenu vitalaliana na hutajua mkono huu ni wa nani. Na mguu, kuanzia kifundo hadi vidole, una mifupa 26 iliyobanana kama abiria wa daladala jioni. Kitu kidogo kikijificha katikati yake, kivuli cha jirani kinakifunika.

Tena kuna tatizo la pili. Uvimbe unaoanzia kwenye mifupa ya mguu ni adimu. Daktari anaweza kufanya kazi miaka mingi asiuone hata mmoja. Sasa, utakitambuaje kitu ambacho hujawahi kukiona?

Swali hilo ndilo lililomsumbua Ernest Codman, daktari mpasuaji wa Boston, Marekani. Mwaka 1920 alianzisha daftari la saratani za mifupa. Madaktari wa sehemu mbalimbali walitakiwa wapeleke habari za wagonjwa wao na picha zao, ili kesi zilizotawanyika, huku moja na kule moja, zikae pamoja zilinganishwe. Hadi leo madaktari wanaitaja pembetatu ya Codman. Uvimbe mkali unapokua haraka, huinua ngozi nyembamba inayoufunika mfupa, na pembeni hapo unatokea mfupa mpya wenye umbo la pembe. Alama hiyo peke yake haimhukumu mtu, maana hata usaha ndani ya mfupa unaweza kuileta. Lakini inamwambia daktari asilale.

Kivuli nacho kilipata dawa yake, na hapa habari inarudi Afrika. Mwaka 1956, mjini Cape Town, hospitali ya Groote Schuur ilihitaji mtu wa fizikia wa kusimamia mambo ya mionzi. Akaazimwa mhadhiri wa chuo kikuu, Allan Cormack, mzaliwa wa Johannesburg. Alikuwa akienda siku moja na nusu kwa wiki. Huko akajiuliza: mionzi ikipitishwa mwilini kutoka pande nyingi, je, hesabu haiwezi kutuonyesha ndani palivyo, kipande kwa kipande? Alichapisha hesabu zake mwaka 1963 na 1964, na watu hawakushtuka. Uingereza, Godfrey Hounsfield akafikia wazo hilo kwa njia yake na kuitengeneza mashine. Tarehe 1 Oktoba 1971 mgonjwa wa kwanza akapimwa katika hospitali moja ya London. Ndiyo hiyo sitiskani tunayoisikia. Mwaka 1979 wawili hao wakagawana Nobel.

Sitiskani inaukata mwili kwa picha kama unavyokata mkate, kila kipande ukakitazama peke yake. Baadaye ikaja MRI, isiyotumia mionzi hiyo, ambayo inaona vizuri uboho na nyama zinazouzunguka mfupa. Hata hivyo, saratani inaposhukiwa, kwa kawaida daktari hukata kipande cha uvimbe kikatazamwe kwa hadubini kabla ya kutoa hukumu.

Sasa nisikilize. Mashine za ukoo huo hazikuishia kwa wagonjwa, zimeingia hadi kwenye mifupa ya kale. Mwaka 1932 Juma Gitau, msaidizi wa Louis Leakey, aliokota kipande cha taya huko Kanam, upande wa Kenya wa Ziwa Victoria. Kidevuni palikuwa na kinundu. Wakaja wataalamu wakasema ni saratani, wengine wakakataa, na ubishi ukadumu miaka mingi. Uchunguzi uliochapishwa mwaka 2007 ulielekeza kwingine: taya lilivunjika, mfupa ukaota kupita kiasi. Nje palidanganya.

Kisha ukaja mguu. Katika pango la Swartkrans, Afrika Kusini, ulipatikana mfupa wa wayo wa mmoja wa jamaa wa kale wa ukoo wa binadamu, mwenye umri wa kati ya miaka milioni 1.6 na 1.8. Namba yake ni SK 7923. Watafiti, akiwemo Edward Odes wa Chuo Kikuu cha Witwatersrand, waliupitisha kwenye sitiskani maalumu inayoona mambo madogo sana, wakalinganisha na saratani za mifupa za watu wa leo. Mwaka 2016 wakatangaza: hii ni osteosakoma, saratani kali ya mfupa. Wenyewe waliandika kwamba bila picha hizo za ndani wasingeweza kuitambua.

Waliongeza jambo lililonigusa. Saratani nyingi zimeongezeka pamoja na maisha ya kisasa, lakini uvimbe unaoanzia kwenye mfupa hautokani na namna mtu anavyoishi, na mara nyingi huwapata vijana. Nilimsomea mama sehemu hiyo. Nikamwambia, "Mama, huyu wa Swartkrans alikanyaga kitu cha nani?" Hakunijibu. Aliendelea kuchambua mchele, lakini habari ya kukanyaga haikurudi tena.

Na kaka? Safari ya tatu alikutana na daktari mama wa makamo. Kabla hajagusa picha yoyote aliuliza, "Kijana, maumivu yanazidi saa ngapi?"

"Usiku, daktari. Nikimeza aspirini yanatulia."

Basi, swali moja tu. Mwaka 1935 Henry Jaffe, daktari wa New York, alieleza uvimbe mdogo uitwao osteoidi osteoma. Si saratani. Kiini chake kwa kawaida hakifiki sentimita 2, lakini kinaumiza hasa usiku, na aspirini mara nyingi inakituliza. Kikikaa kwenye mifupa ya kifundo, eksirei inaweza kukikosa kabisa. Sitiskani ya kaka ilionyesha doa kama punje ya hindi ndani ya mfupa wa kifundo. Alifanyiwa upasuaji.

Usiku wa kwanza baada ya kurudi nyumbani, saa nane hapakuwa na mtu anayepapasa. Mama kwa hofu akaenda kumwamsha. "Mwanangu, vipi, huumwi?" Kaka akafoka, "Mama, niache nilale!" Tukacheka nyumba nzima.

Ndugu msomaji, picha za Röntgen, Codman na Cormack ni kazi kubwa, lakini picha haijui saa nane za usiku. Mwenye mguu wa Swartkrans hakuwa na wa kumuuliza. Wewe unaye wa kumuuliza, yupo chumba cha pili. Ukimsikia anapapasa gizani, muulize. Na wakimwambia hana kitu huku maumivu yanaendelea, mshike mkono mrudi tena.