Televisheni Zanzibar

Televisheni Zanzibar (TVZ) kilikuwa kituo cha umma kilichoanzishwa na Serikali ya Mapinduzi ya Zanzibar mwanzoni mwa miaka ya 1970. Ndicho kituo cha kwanza kurusha matangazo ya rangi katika Afrika kusini mwa Sahara, heshima ambayo Wazanzibari wanaienzi hadi leo.

Kituo kilianza katika kipindi cha Rais Aboud Jumbe. Seti za televisheni zilikuwa chache majumbani, hivyo watu walikusanyika kwenye seti za pamoja kutazama taarifa ya habari, michezo ya kuigiza na taarabu, yote kwa Kiswahili. Ng'ambo ya bahari, Tanzania Bara ilikuwa haina televisheni. Serikali iliiona kuwa anasa, ikaitegemea redio kuelimisha wananchi. Vituo vya Bara, vya watu binafsi, vilianza mwaka 1994. Hata Afrika Kusini, nchi tajiri, ilipata televisheni baada ya Zanzibar, mwaka 1976.

Mwaka 2013 TVZ iliunganishwa na redio ya serikali, Sauti ya Tanzania Zanzibar, na kuundwa Shirika la Utangazaji Zanzibar (ZBC), ambalo linaendeleza matangazo hayo Unguja na Pemba.