Siku 17 kati ya mbuzi na binadamu: Afya Moja ni nini, na vyuo vikuu vinaifundishaje

Mvua kubwa za mwisho wa mwaka 2006 zilipoifurikisha Garissa na Tana River hadi huku Kilifi, mbuzi na kondoo walianza kutupa mimba. Wafugaji wa Kisomali waliliona hilo mapema. Ugonjwa wenyewe waliuita sandik, yaani pua inayotoka damu, na walijua kwamba huja baada ya mafuriko na mawingu ya mbu. Watafiti waliokwenda kuwahoji baadaye, katika kazi iliyochapishwa 2010, walikuta kwamba tangu mnyama wa kwanza kushukiwa kuugua hadi mtu wa kwanza kushukiwa, zilipita kwa wastani siku kama 17. Tangu mnyama huyo wa kwanza hadi huduma za mifugo kufika, wastani ulizidi siku 60.

Msomaji, zitazame tena hesabu hizo mbili. Watu waliugua wiki nyingi kabla ya mtaalamu wa mifugo kufika kuangalia mbuzi. Homa ya Bonde la Ufa ilipotulia mwaka 2007, takriban watu 700 walikuwa wameugua hapa Kenya na zaidi ya 150 wamefariki. Idi ya kuchinja ya mwaka ule iliangukia mwisho wa Disemba, katikati ya mlipuko, na ugonjwa huu huambukiza kupitia mbu na pia kupitia damu na viungo vya mnyama mgonjwa. Wakati ambapo kila familia yenye uwezo hushika kisu, daktari wa watu na daktari wa mifugo walipaswa kuwa wanazungumza kila siku.

Mazungumzo hayo ndiyo yanayoitwa Afya Moja. Maana yake ni kwamba afya ya mtu, ya mnyama na ya mazingira hushughulikiwa kama jambo moja, na wataalamu wa pande zote tatu hupanga, huchunguza na huamua pamoja. Jina ni jipya kuliko wazo. Calvin Schwabe, daktari wa mifugo wa Marekani aliyewahi kufundisha katika Chuo Kikuu cha Marekani cha Beirut, alipigania wazo la tiba moja ya watu na wanyama tangu miaka ya 1960. Mwaka 2004, mkutano uliofanyika New York ulilipa nguvu jina la Afya Moja. Leo mashirika manne ya kimataifa yanalisimamia kwa pamoja: la afya, la chakula na kilimo, la afya ya wanyama, na lile la mazingira ambalo makao yake yako Gigiri, Nairobi.

Lakini sisi tulikuwa na somo hili nyumbani kabla ya mikutano hiyo. Homa ya Bonde la Ufa iligunduliwa kwa kondoo wa shamba moja karibu na Ziwa Naivasha mwaka 1930, na wachunguzi wa maabara ya mifugo ya Kabete wakaielezea mwaka uliofuata. Wachungaji waliougusa ugonjwa ule waliugua homa, na wachunguzi wenyewe pia.

Mimi nina diploma ya afya ya umma. Katika miaka yote ya masomo sikuketi darasa moja na mwanafunzi wa mifugo hata siku moja. Tulifundishwa kukagua nyama, tukafundishwa minyoo inayotoka kwa ng'ombe kuja kwa mtu, lakini kwa namna ambayo ungedhani huyo ng'ombe hana mtaalamu wake. Ukitoka hapo ukaajiriwa, unakutana na afisa wa mifugo kwa mara ya kwanza machinjioni, na mara nyingi mnakutana mkigombea ni nani mwenye muhuri. Mvutano huo kati ya idara mbili ni wa miaka mingi, na kwa maoni yangu mbegu yake hupandwa chuoni.

Vyuo vikuu vya kanda hii vimejaribu kuing'oa mbegu hiyo. Mwaka 2010 shule za afya ya umma na za tiba ya mifugo kutoka Kenya, Uganda, Tanzania, Rwanda, Ethiopia na Kongo ziliunda mtandao mmoja, ambao leo unaitwa AFROHUN na makao yake ni Kampala. Kwa upande wa Kenya walioingia ni Chuo Kikuu cha Nairobi na cha Moi. Tanzania waliingia Sokoine na Muhimbili, Uganda Makerere. Kazi yao ilikuwa kuandika mitaala ya pamoja, kuwanoa wahadhiri, kuanzisha vilabu vya wanafunzi wa fani tofauti, na kuwapeleka vijana vijijini wakiwa kundi moja.

Hilo la mwisho ndilo lenye uzito. Mhadhara wa Afya Moja ukitolewa ukumbini na mhadhiri mmoja kwa wanafunzi wa udaktari peke yao ni mhadhara kama mingine. Wataandika, watafanya mtihani, watasahau. Mafunzo yenyewe hasa yanakuwa hivi: unamchukua mwanafunzi wa udaktari, wa mifugo, wa uuguzi, wa mazingira na wa sayansi ya jamii, unawaweka katika kijiji kimoja kwa wiki kadhaa, na unawapa swali moja. Kwa nini watoto hapa wanaharisha? Kwa nini ng'ombe wanatupa mimba na wanawake wanaowakama wana homa isiyosikia dawa ya malaria? Yule wa mifugo atafikiria brusela siku ya kwanza. Yule wa udaktari huenda asiifikirie kabisa. Wa sayansi ya jamii atauliza ni nani anakama, ni nani anachinja, na maziwa yanachemshwa au hayachemshwi. Wakibishana mbele ya mhadhiri, kila mmoja anajifunza mipaka ya somo lake, na hilo halimo kitabuni.

Kwa jambo hili, Pwani ni darasa ambalo lingelipiwa pesa nyingi kwingineko. Chukua Lamu, mwaka 2004. Chikungunya, ugonjwa ambao jina lake limetoka kwa Wamakonde na lina maana ya kujikunja kwa maumivu, uliingia kisiwani na kuwaangusha watu kwa maelfu. Uchunguzi wa damu uliofanywa baadaye ulikadiria kwamba robo tatu ya wakaazi waliambukizwa. Kutoka hapo ukafika Mombasa, kisha Komoro na visiwa vingine vya Bahari ya Hindi. Mtu angetarajia kusikia kwamba mvua ilikuwa nyingi. Ilikuwa kinyume. Watafiti waliuhusisha mlipuko na ukame: maji yalipoadimika watu waliyahifadhi majumbani kwa muda mrefu, na mbu wa Aedes hutaga katika maji yaliyotulia ndani ya mapipa na mitungi. Wazee wa Lamu walizoea kuweka samaki wadogo ndani ya birika za nyumba zao ili wale viluwiluwi vya mbu. Mwanafunzi wa afya ambaye hajui birika ni nini atawaletea watu wa Lamu bango la kuwaambia wafukie madimbwi.

Au chukua Owino Uhuru, Jomvu. Hapo hapana mdudu wala kirusi. Kiwanda cha kuyeyusha betri kuukuu kilifanya kazi kuanzia 2007 hadi 2014, na madini ya risasi yakaingia kwenye udongo, maji na damu za watoto. Wakaazi walisimulia kuku wao wakifa. Kesi iliyoongozwa na mwanaharakati Phyllis Omido ilifika mahakama ya mazingira, ambayo mwaka 2020 iliamuru fidia ya Sh1.3 bilioni, Mahakama ya Rufaa ikaitengua, na Disemba 2024 Mahakama ya Juu ikairudisha. Ninaitaja kwa sababu Afya Moja inayofundishwa vyuoni mara nyingi husimama kwa miguu miwili, wa watu na wa wanyama, na mguu wa mazingira huachwa ukining'inia. Kuku akifa, anayeulizwa ni daktari wa mifugo. Mtoto akiwa na degedege, ni hospitali. Udongo hauna pa kuripoti isipokuwa kwa mtu aliyefunzwa kuyaunganisha matatu hayo. Kungekuwa na kozi ya pamoja katika chuo chochote cha Mombasa wakati ule, mtaa huu ungekuwa mfano wake wa kwanza.

Kuna na kichaa cha mbwa. Takriban visa vyote vya binadamu hutokana na mbwa, na wataalamu wanakubaliana kwamba ukichanja asilimia 70 ya mbwa wa eneo, ugonjwa hukatika. Kenya ilijiwekea mwaka 2030 kuwa mwisho wa vifo hivyo. Sasa mpeleke kijana aliyehitimu akachanje mbwa katika mitaa yetu ya Kiislamu, ambako mbwa wengi hawana mwenyewe na watu hawataki kuwagusa. Anahitaji kujua chanjo, naam, lakini pia anahitaji kujua kuzungumza na imamu. Sisi wa madhehebu ya Shafi tunajua kuosha alipopagusa mbwa mara saba, moja kwa udongo. Kijana aliyefunzwa vizuri ataanzia hapo, kisha aeleze kwamba jeraha la kuumwa lina utaratibu wake: sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, na siku hiyo hiyo hospitali kupata chanjo. Asiyefunzwa atakuja na karatasi ya Kiingereza.

Tukiwa kwenye dini, mahujaji wetu wanaambiwa wasikaribie ngamia wakiwa Saudia kwa sababu ya MERS, ugonjwa wa mapafu uliogunduliwa huko 2012. Wachache wanaambiwa kwamba ngamia wa Kenya nao wamepatikana na kingamwili za kirusi hicho, dalili kwamba kiliwahi kuwapitia.

Kwa nini basi somo lenye faida hivi halijaenea? Sababu ya kwanza ni mabaraza ya taaluma. Madaktari wana baraza lao linalokubali au kukataa mtaala, madaktari wa mifugo wana bodi yao, maafisa wa afya ya umma wana baraza lao, na juu yao iko Tume ya Elimu ya Vyuo Vikuu. Kila mmoja ana saa zake alizolazimisha. Kitengo cha pamoja kinachobeba alama za mtihani kwa wanafunzi wa fani tatu kinahitaji saini za watu ambao hawana desturi ya kukutana. Matokeo yake Afya Moja hubaki kuwa warsha ya siku tatu, cheti na chai.

Sababu ya pili ni umbali wa kawaida tu. Nairobi, wanafunzi wa mifugo wako Kabete na wa udaktari wako kando ya Hospitali ya Kenyatta. Katikati yao kuna mji mzima na msongamano wake. Kwetu ni mbaya zaidi. Chuo Kikuu cha Pwani kiko Kilifi, mji ambao una kituo cha utafiti wa tiba kinachojulikana duniani, na Chuo cha Kiufundi cha Mombasa kinafundisha afya ya mazingira. Lakini kijana wa Faza au Garsen anayetaka shahada ya udaktari wa mifugo hana budi kwenda Kabete au Njoro.

Ya tatu ni pesa. Kazi nyingi za ule mtandao zilitegemea shirika la misaada la Marekani, USAID, ambalo lilifungwa rasmi tarehe 1 Julai 2025. Mtaala ulioingia kwenye ratiba ya chuo na kulipiwa na karo utaishi. Safari za vijijini zilizolipiwa na mfadhili hazitaishi, na ndizo zilizokuwa na faida kubwa kuliko zote.

Hapa kaunti zina la kufanya, na si gumu. Katiba ya 2010 iliziachia huduma za afya za kaunti na za mifugo vilevile; bajeti zote mbili hupita katika bunge moja la kaunti. Tangu 2012 kuna kitengo cha pamoja cha taifa cha magonjwa yanayotoka kwa wanyama, lakini mlipuko hauanzii Nairobi, huanzia boma la mtu. Kaunti ya Tana River ikikubali kuwapokea wanafunzi mchanganyiko kila msimu wa mvua, ikawapa nyumba na gari la idara moja badala ya mawili, imepata macho zaidi kwa bei ya mafuta na chakula. Na bodi ya kuajiri ikiandika kwenye tangazo la kazi kwamba aliyefanya mafunzo hayo atapewa kipaumbele, wanafunzi wenyewe watavilazimisha vyuo. Tanzania wamepita njia nyingine: dawati la Afya Moja liko chini ya Ofisi ya Waziri Mkuu, kwa hiyo wizara haiwezi kuiambia nyingine kwamba hili si lako.

Kwa kijana anayeniuliza pa kuanzia: ukitaka shahada ya mifugo, Kabete na Njoro, au Sokoine kule Morogoro, ambako pia kuna kituo cha SACIDS kinachofundisha magonjwa ya watu na wanyama kwa pamoja katika ngazi ya uzamili. Ukiwa tayari umeajiriwa serikalini, uliza kuhusu mafunzo ya uchunguzi wa milipuko yanayoendeshwa nchini tangu 2004; yanachukua madaktari, wataalamu wa mifugo na wa maabara katika darasa moja. Ukiwa na diploma kama mimi, uliza kabla ya kulipa karo kama kuna wiki hata moja mtakayokaa kijijini na wanafunzi wa fani nyingine, na kama wiki hiyo ina alama kwenye mtihani.