Vidoa Vyekundu Miguuni na Machungwa ya Malindi

Wapo watu ambao huinama asubuhi kufunga kamba za viatu, wakaona kwenye miundi yao vidoa vyekundu vidogo vidogo, kama vichwa vya pini. Haviwashi, wala haviumi, na mwenyewe hakumbuki vilianza lini. Wa kwanza kuulizwa atasema ni viroboto. Wa pili atasema ni joto. Wa tatu, hasa akiwa jirani mwenye maneno mengi, atasema umekanyaga kitu kilichotegwa mlangoni. Jirani huyo juma hili tumwache. Vidoa hivi vina historia ndefu, na sura yake moja kubwa ilipita hapa hapa katika pwani yetu.

Lakini kwanza tutenganishe mambo mawili. Bonyeza kidoa kwa kidole, au bora zaidi kwa ukingo wa glasi inayoonyesha. Kama wekundu unafifia, damu bado imo ndani ya mishipa yake. Ndivyo yalivyo mara nyingi malengelenge ya joto na alama za mbu. Kama wekundu haufifii, basi damu imevuja nje ya mshipa na kukaa chini ya ngozi. Hapo sababu ni nyingi. Huenda chembe zinazogandisha damu zimepungua, kama inavyotokea katika homa ya dengue, ambayo watu wa Dar es Salaam waliifahamu vizuri mwaka 2014. Huenda ni dawa fulani, au mishipa yenyewe imevimba. Na kama vidoa vimekuja pamoja na homa kali, kichwa kuuma na shingo kukakamaa, mgonjwa apelekwe hospitali saa ile ile, maana huenda ni homa ya uti wa mgongo.

Baada ya hayo yote ipo sababu moja kongwe, ambayo wengi wanadhani ilikwisha zamani pamoja na majahazi ya tanga. Kwa Kiswahili tunaiita kiseyeye.

Mwezi Januari mwaka 1498 meli za Mreno Vasco da Gama zilitia nanga katika mto mmoja karibu na mahali panapoitwa leo Quelimane, nchini Msumbiji. Walikuwa wameondoka Lisbon Julai 1497. Katika meli hizo alikuwamo mtu aliyeandika kumbukumbu za safari, na anaeleza kwamba wengi waliugua hapo: miguu na mikono ilivimba, na fizi zikaota juu ya meno hata wasiweze kula. Tarehe 7 Aprili wakafika Mombasa. Mfalme wa Mombasa akawapelekea kondoo, miwa, na machungwa na malimau kwa wingi. (Mambo mengine ya siku zile, ya kushukiana na ya Wareno kuwamwagia watu mafuta ya moto ili waseme siri, ni habari ya siku nyingine.) Wagonjwa wakapata nafuu. Na yule mwandishi akatoa sababu yake: hewa ya Mombasa ni nzuri sana!

Hewa ya Mombasa ni nzuri, sikatai. Lakini malimau yalikuwa mdomoni mwao, naye akasifu upepo. Kosa hilo la kuwa na dawa mkononi na kusifu kitu kingine litarudiwa na watu wenye elimu kubwa kuliko yake kwa miaka 400.

Kutoka Malindi walivuka kwenda Bara Hindi wakiwa na rubani aliyeijua njia, na upepo wa kusi ukiwa umeanza. Siku 23 wakaiona nchi kavu. Kurudi ndiko kulikowaangamiza. Waliondoka pwani ya Bara Hindi tarehe 5 Oktoba 1498, kabla kaskazi haijashika, jambo ambalo nahodha wa jahazi la Lamu au la Muscat asingelifanya kwa hiari yake. Wakazuiwa na shwari na pepo za mbele. Safari ile ile ya siku 23 ikawa miezi mitatu kasoro siku tatu. Watu 30 wakafa njiani. Katika kila meli wakabaki saba au wanane tu wenye nguvu ya kufanya kazi, na hao nao hawakuwa wazima.

Tarehe 7 Januari 1499 wakafika Malindi, na safari hii wagonjwa wenyewe waliyatamani machungwa, nahodha wao akatuma watu pwani kuyaleta. Wapo waliopona, na wapo waliokufa machungwa yakiwa yameshafika, kwa kuwa yalichelewa. Siku chache baadaye, kusini mwa Mombasa, mbele ya pwani ya Tanga, waliichoma moto meli yao mmoja, São Rafael. Hapakuwa na watu wa kutosha wa kuiendesha.

Na sisi wa pwani, mbona hatuna hadithi kama hizo? Kwa maoni yangu sababu kubwa ni pepo za msimu. Anayevuka na upepo wa wakati wake hukaa baharini majuma machache, na akiba iliyomo mwilini humtosha kabla ya kugusa bandari yenye ndimu na maembe.

Wazungu waliendelea kufa. Mwaka 1740 George Anson wa Uingereza aliondoka na meli zake zikiwa na watu wapatao 1,900, na katika safari ile zaidi ya 1,000 walikufa, wengi wao kwa kiseyeye. Maelezo yake yaliyotolewa mwaka 1748 yanataja madoa mwilini, miguu kuvimba na fizi kuoza. Yanamtaja pia mzee mmoja aliyejeruhiwa vitani zaidi ya miaka 50 nyuma, ambaye majeraha yake yaliyokwisha kupona yalifunguka upya kana kwamba hayajapata kupona kamwe.

Mwaka 1747 daktari wa meli James Lind alichukua mabaharia 12 wagonjwa, akawagawa wawili wawili. Wawili walipewa siki, wawili maji ya bahari, wawili pombe ya tofaa, wawili matone ya asidi, wawili mchanganyiko wa kitunguu saumu na haradali, na wawili machungwa mawili na limau moja kwa siku. Matunda yaliisha baada ya siku sita tu, na mmoja wa wale wawili alikuwa tayari karibu kurudi kazini. Lind akaandika kitabu mwaka 1753, lakini ndani yake bado alilaumu sana unyevu wa baharini. Jeshi la Majini la Uingereza lilikubali kutoa maji ya limau kwa mabaharia wote mwaka 1795, yaani miaka 48 baada ya jaribio lile.

Wakadhani kesi imekwisha. Katika karne ya 19 wakaacha limau, wakachukua ndimu kutoka visiwa vya Karibiani. Kwao limau na ndimu vilitajwa ovyo ovyo kama kitu kimoja, kosa ambalo mwuza matunda wa Kariakoo hawezi kulifanya. Maji yale ya ndimu yalikuwa dhaifu zaidi, na kukaa kwake ghalani kukayadhoofisha tena. Msafara wa Nares kuelekea Ncha ya Kaskazini, mwaka 1875 hadi 1876, ulibeba maji ya ndimu na bado ukashikwa na kiseyeye. Wataalamu wakageuka wakasema basi si matunda, labda ni nyama iliyoharibika. Ilibidi Wanorwe wawili, Axel Holst na Theodor Frølich, mwaka 1907, waupate ugonjwa huo kwa simbilisi waliolishwa nafaka tupu, ndipo mjadala ukarudi kwenye chakula. Vitamini C yenyewe ilitambuliwa mwanzoni mwa miaka ya 1930.

Na vidoa vya miguuni? Mwaka 1939 daktari mpasuaji wa Boston, John Crandon, aliacha kwa makusudi kula chochote chenye vitamini hiyo. Miezi mitatu ikapita na jeraha alilopasuliwa makusudi likapona kama kawaida. Siku ya 161 vidoa vya damu vikatokea miguuni mwake, kuzunguka vinyweleo. Jeraha la miezi sita halikupona mpaka alipopewa vitamini. Sababu ni kwamba bila vitamini C mwili hauwezi kutengeneza vizuri kolajeni, ile nyuzi inayoshikiza ngozi, fizi na kuta za mishipa. Mshipa ukilegea huvuja, na uzito wa damu kwa mtu anayesimama umo miguuni.

Sasa usidhani nazungumza habari za majahazi tu. Mwaka 2017 na 2018, katika kambi ya wakimbizi ya Kakuma, kaskazini mwa Kenya, vijana wa kiume kutoka Sudan Kusini walilalamika maumivu ya mashavu ya miguu na shida ya kutafuna. Wachunguzi walikuta ni kiseyeye. Walikuwa wakila chakula cha mgao, nafaka na kunde, matunda na mboga yakiwa haba. Wakapewa vitamini C.

Mjini wako wanaokula karibu hivyo hivyo bila kuwa kambini: mzee anayeishi peke yake kwa chai na mkate, kijana wa chumba kimoja anayekula ugali na maharage mwezi hadi mwezi, mtu aliyeogopeshwa kila tunda kwa sababu ya vidonda vya tumbo. Pera moja lina vitamini hiyo kuliko chungwa, na ubuyu nao unayo kwa wingi. Mchicha uliochemshwa sana na maji yake kumwagwa umebakiwa na kidogo. Kwa hiyo ukienda kwa daktari na vidoa visivyofifia chini ya glasi, atakupima damu, atauliza dawa unazotumia, na akiwa daktari mzuri atakuuliza pia umekula nini tangu miezi mitatu iliyopita. Mjibu kwa kweli, hata kama jibu lenyewe ni chai na mkate.