Lori la chai likitoka Nyeri, litafika Mombasa saa ngapi?

Mashindano ya wazi ya ubunifu ni jambo sahali. Kampuni ikilemewa na tatizo, hulitangaza hadharani na kuweka zawadi, na yeyote mwenye jawabu hujaribu. Katika uchukuzi si jambo geni. Mwaka 1829 kampuni ya reli ya Liverpool na Manchester, Uingereza, iliahidi pauni 500 kwa atakayeleta kichwa bora cha garimoshi. Masharti yalitangazwa mapema, na Rocket ya akina Stephenson ikashinda mbele ya umati.

Hapa Kenya, mfano ninaoupenda ni wa 2019. Sendy, kampuni ya Nairobi iliyowaunganisha wenye mizigo na wenye pikipiki na malori, ilishirikiana na Zindi, jukwaa la Kiafrika la mashindano ya data. Swali lilikuwa moja tu: bodaboda akishachukua mzigo, atamfikia mteja baada ya sekunde ngapi? Washindani walipewa rekodi za safari 21,201 za kujifunzia, kisha wakakisia muda wa nyingine 7,068 ambazo majibu yake yalifichwa. Aliyekosea kidogo kuliko wenzake ndiye mshindi. Hapo hapana kujuana, wala barua ya mkubwa.

Lakini tusijidanganye. Jawabu zuri halilipi madeni. Sendy ilifunga shughuli zake 2023. Na zile rekodi zilikuwa jasho la waendesha bodaboda, pamoja na muda waliokaa kazini na alama walizopewa na wateja. Zawadi ilikuwa ya walio mbele ya kompyuta.

Sasa tuitazame Nyeri. Chai ya viwanda vya mlimani, kama Gathuthi na Chinga, huteremka hadi Mombasa kwa ajili ya mnada na meli. Lori likikwama njiani, kuli wa kibarua anakaa nje ya godauni, na jioni anarudi nyumbani mikono mitupu. Watu wa Bara na sisi wa Pwani hupenda kulaumiana kuhusu mizigo, ilhali hasara hii ni yetu sote.

Swali la kushindaniwa ndilo hilo la juu kabisa. Wataalamu wapo: Chuo Kikuu cha Dedan Kimathi, Nyeri, kiliandaa mkutano wa Data Science Africa 2015, na Mombasa tuna Chuo Kikuu cha Kiufundi. Kumbukumbu nazo zipo, kuanzia stakabadhi za viwandani na mizani ya Mariakani hadi vitabu vya magodauni. Zikitolewa, majina ya madereva yafutwe kwanza. Mshindi apewe msimu mmoja wa kuijaribu kazi yake barabarani, na fungu la zawadi litengwe mapema kwa madereva, maturniboi na makuli, kabla vijana wa kompyuta hawajaanza kuhesabu.